Veronika Wetu na Veronika Wenu

Nyumba ya Maralit,
Nyuma ya Kanisa la Parokia,
San Gabino, Batangas.
Jumatatu ya wiki ya nne ya Kwaresima.

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Idara ya Utulivu wa Umma,
Manila.

YAH: MAJINA YA WATAKATIFU MLIYOYACHUKUA BILA KUBISHA HODI, NA HASA LA VERONIKA

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua ofisi kubwa kama yako haina nafasi ya kuitikia, kwa hiyo nimejiitikia mwenyewe kwa niaba yako: milele, amina. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na nyumba yako yote, na kwamba joto la mwaka huu halijawazidi huko Manila. Sisi hapa tunamshukuru Mungu. Kahawa imetoka vizuri, mguu wa Padri unaendelea nafuu, na kamera zenu zote zinawaka.

Nijitambulishe, ingawa naambiwa hakuna haja. Mimi ni Eufrosina Maralit, Osing kwa majirani, mjane, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na mtunza sanamu ya Mtakatifu Veronika, ile inayotoka kwenye maandamano ya Ijumaa Kuu. Kazi hiyo niliirithi kwa mama yangu, naye kwa mama yake, ambaye nywele zake ndizo zilizoko kichwani mwa sanamu mpaka leo. Sanamu inakaa sebuleni kwetu, karibu na jokofu. Nina mtoto mmoja, Gaudencio, ambaye mji mzima unamwita Dencio. Huu ni mwaka wa nne hayupo nyumbani. Alitunga wimbo kuhusu daraja la Meya wetu, lile lililojengwa mahali pasipo na mto, na wimbo ukapendwa kuliko daraja. Baada ya siku chache walikuja wanaume wawili kwa pikipiki isiyo na namba, wakamuulizia kwa adabu sana. Niliwakaribisha kahawa, wakakataa. Hapa Batangas mtu anayekataa kahawa hajaja kwa heri. Dencio alitorokea mlango wa jikoni, na tangu siku ile sijamtia machoni.

Nayasema haya mapema ili isije ikasemwa nimeficha. Lakini sikuandikii habari za Dencio. Nakuandikia kuhusu amri yenu ya Ijumaa Kuu, kwamba watubu wetu wafunuliwe nyuso, nami nitaifikia baada ya kutoa malalamiko madogo madogo, maana ngazi hupandwa kuanzia chini.

Malalamiko ya kwanza: Mtakatifu Lusia

Kamera zenu za barabarani mmeziita Mpango wa Mtakatifu Lusia, kwa kuwa yeye ni msimamizi wa macho. Aliyelibuni jina hilo alisoma katekisimu nusu, nusu nyingine akasinzia. Mheshimiwa, kwa mapokeo yetu Lusia aling'olewa macho, na walioamuru ang'olewe walikuwa ni serikali ya wakati wake. Kuyapa macho ya serikali jina lake ni sawa na mchinjaji kuliita duka lake jina la mbuzi.

Hata hilo lingevumilika. Tatizo ni kwamba watu wetu ni waumini kweli kweli. Ukiwaambia nguzo ile ni ya Mtakatifu Lusia, hawaulizi mara mbili. Kwanza lilitokea shada la maua ya sampagita. Kisha mishumaa. Jirani yangu Aling Bibing, mwenye duka la mikate pale kona, ana mtoto wa jicho, na kila alfajiri husimama chini ya kamera, akainua uso na kulipanua jicho bovu kwa vidole viwili ili Lusia alione vizuri. Moshi wa mishumaa uliipaka kamera masizi hadi ikawa haioni kitu. Fundi wenu alipokuja na ngazi na kitambaa cheupe kuifuta, watu wakapiga magoti. Naye, kijana wa watu, alipowatazama kutoka kule juu hakujua afanye nini, akawabariki.

Malalamiko ya pili: Pentekoste

Mtambo wenu wa kusikiliza simu, unaoelewa Kitagalogi, Kibisaya, Kiilokano na hata Kichina cha wenye maduka, mmeuita Pentekoste. Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu nikiwa napiga pasi. Siku ya Pentekoste yenyewe, ndimi ziliwashukia watu wakaanza kusema. Hii yenu imewashukia watu wakanyamaza. Wanaume waliokuwa wakibishana siasa kwa kinyozi siku hizi wanazungumzia jogoo wa kupigana tu, na hata hao jogoo hawawataji majina.

Asiyenyamaza ni Aling Bibing. Ana dada yake Dubai, na kila anapompigia huanza hivi: "Dada, hujambo? Na wewe mwingine unayesikiliza, umeshakula?"

Nilimkemea. "Bibing, unaongea na nani?"

"Na yule wa katikati," akasema. "Mtu anashinda kwenye simu yako kutwa nzima, humsalimii? Wewe Osing ulilelewa wapi?"

Sasa anaapa kwamba wiki iliyopita sauti ya kijana, ya chini kabisa, ilijibu: "Bado, mama." Tangu siku hiyo anabakiza mkate mmoja wa nazi na hajui aupeleke wapi. Nilimwahidi kwamba nikikuandikia nitauliza, basi nauliza.

Malalamiko ya tatu: Kitubio

Namba ya bure ya kuwaripoti majirani mmeiita Kitubio. Niliposikia nilidhani ni utani wa kinyozi. Mheshimiwa, kwenye kitubio mtu hueleza dhambi zake mwenyewe. Za jirani tunazielezea sokoni.

Bibi zetu wa chama cha rozari hawakuiona tofauti. Padri Ildefonso, paroko wetu, ana mguu mbovu na foleni yake ni ndefu, simu ni bure, wakaona serikali imewahurumia wazee. Wakapiga. Wameungama wivu, kusinzia kwenye misa, na mmoja ameungama kuku aliyemwiba kwa shemeji yake zamani zile za amri ya kutotoka nje usiku. Na kwa kuwa hakuna aliyewapa malipizi, walipiga tena kuyadai. Kijana wenu wa upande wa pili alipochoka alimwambia yule wa kuku, "Sali Salamu Maria kumi, bibi, halafu acha laini, kuna watu wanataka kuripoti."

"Kumi tu, mjukuu wangu?"

"Basi ishirini, bibi. Kwaheri."

Padri alipoambiwa, alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. "Ishirini kwa kuku mzima!" akasema. Hasira hiyo akaenda nayo kwenye mkutano wa hadhara ukumbi wa manispaa, ambako Injinia Ravelo, kijana mliyemtuma kutoka Manila kutuelimisha, alikuwa akitueleza faida za mipango yenu kwa picha za ukutani.

"Mimi nimefungwa na siri ya kitubio," Padri akamwambia. "Nikifumbua mdomo, upadri wangu umekwisha. Ninyi mmefungwa na nini?"

"Na mkataba, Padri," akajibu Injinia.

"Wa muda gani?"

"Miezi sita. Unaweza kuongezwa."

Nikasimama mimi. Nikamuuliza majina haya kayachagua nani. "Kamati, mama," akasema, na ni kijana mwenye adabu, mama yake nampa hongera. "Waliona watu wa huku mnapenda watakatifu. Majina mengine yangewatisha."

"Na haya hayatutishi?"

"Mbona mnawasha mishumaa, mama? Sisi kule tukajua mmefurahi."

Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka. Ila nilipofika nyumbani kicheko kilikuwa kimeisha, kikabaki kitu kingine.

Malalamiko ya nne ni ya mayai

Desturi yetu, mwenye harusi humpelekea Mtakatifu Klara mayai ili mvua isinyeshe siku hiyo. Tangu kile kidude chenu kinachoruka angani kuchungulia nyua za watu kipewe jina la Klara, mama wa mabibi harusi wanapeleka mayai ofisini kwenu badala ya kanisani, kwa hoja kwamba huyu wenu wanamwona kwa macho yao akifika mawinguni. Watumishi wenu wanayapokea. Aling Bibing amewaona wakiyakaanga na nyanya. Mmeshakula mayai ya harusi tatu, na zote tatu zimenyeshewa. Mayai yarudishwe, au mvua ielezewe.

Malalamiko ya tano: Veronika

Hapa, Mheshimiwa, naomba uweke kikombe chini.

Ile mashine yenu inayotambua nyuso mmeiita Veronika. Injinia Ravelo alituambia kwa fahari: "Veronika hasahau uso. Ukipita mbele yake mara moja, wewe ni wake milele." Padri akamwambia maneno hayo sisi tunayatumia kwa ubatizo. Mimi nilikuwa nafikiria kwamba nimemlaza Veronika sebuleni kwangu umri wangu wote, nikamchana nywele kila Kwaresima, nikamfukuzia mchwa, na hakuna aliyekuja kuniuliza kama jina lake linaazimwa.

Mashine yenyewe tumeijaribu bila kukusudia. Mwanzoni mwa Kwaresima tuliitoa sanamu uani ili ipate hewa. Kama unavyojua, Veronika wetu ameshika kitambaa chenye uso wa Bwana mara tatu, maana alikikunja mikunjo mitatu na uso ukatoka kote. Kamera ya kona ikaona. Siku ya pili yake walikuja askari wawili wa kituo chetu, vijana niliowafundisha kusoma, na hati ya kumwita kituoni mwanaume mwenye nywele ndefu, asiye na anwani, aliyeonekana mahali patatu kwa wakati mmoja.

Niliwapa kahawa, wakanywa vikombe viwili viwili. Kisha nikawaonyesha kitambaa. Mkubwa wao akavua kofia.

"Ndiye huyu, Mwalimu?"

"Ndiye."

"Ana kitambulisho?"

"Alikuwa nacho," nikamwambia. "Kiliandikwa juu ya kichwa chake kwa lugha tatu, ili kila anayepita asome."

Akajikuna. "Basi tutaandika hakupatikana."

Nikamkataza asiandike hivyo, ni uzushi. Tukakubaliana aandike kwamba ameshahukumiwa tayari na serikali nyingine, na faili likafungwa.

Nimecheka nalo jambo hilo, siwezi kukudanganya. Lakini hebu tumtazame Veronika mwenyewe. Injili haimtaji, ila kituo cha sita cha Njia ya Msalaba ni chake. Barabara imejaa askari. Kuna mtu aliyetafutwa na serikali, ameshapatikana, ameshahukumiwa, anapelekwa. Wenye akili zao wote wamefunga madirisha. Mwanamke mmoja anapenya katikati ya mikuki, anavua shela yake, anamfuta yule mtu uso, basi. Hakumuuliza jina. Hakumuuliza katunga wimbo gani. Na uso ulipobaki kwenye kitambaa, Mheshimiwa, hakuupeleka ofisini kwa Pilato. Alikwenda nao nyumbani.

Sasa nije kwenye amri. Kwenye mlango wa kanisa pamebandikwa tangazo la Idara yako: Ijumaa Kuu hii, kila mtubu akifika kona ya duka la mikate asimame mbele ya kamera, afunue uso, angoje taa ya kijani, aendelee. Mtu mwenye tabia njema ndiye aliyeliandika, maana mwishoni ametutakia Juma Kuu lenye baraka.

Watubu wetu hutembea nyuma ya sanamu miguu peku, wamevaa nyeupe, vitambaa vimefunika vichwa hadi shingoni, wawili au watatu wamebeba misalaba. Wanaume kama arobaini hivi. Kila mmoja ana nadhiri ya miaka saba, na nadhiri hiyo ni baina yake na Mungu. Mkewe hajui. Padri hajui. Uso wake ukionekana na watu njiani, hata kwa upepo, miaka yote aliyokwisha kutembea inafutika na anaanza upya. Ndiyo maana siku hiyo San Gabino nzima hutazama chini. Askari nao hutazama chini. Mbwa tu ndio wanaowatambua watubu, na mbwa siku hiyo tunawafungia.

Idara yako, kwa hiyo, inataka kufuta nadhiri za wanaume arobaini kwa taa ya kijani. Nilimuuliza Injinia nani atawalipa miaka yao. Akaandika swali langu, akasema atalipeleka kwenye kamati.

Na kuna mmoja katika hao. Sisemi anatembea wapi kwenye mstari, na sisemi ni nani, kwa sababu simjui. Sitaki kumjua, kumjua ni kumvunjia nadhiri. Najua tu kwamba alianza kuja Ijumaa Kuu ya kwanza baada ya nyumba yangu kubaki na mtu mmoja. Mimi huacha nyuma ya gari la sanamu wali wa kunata uliofungwa kwa majani ya mgomba, na chupa ya maji, kwa yeyote atakayeona njaa. Tukirudi nakuta wali umeliwa na majani yamekunjwa pembe nne, yakakunjwa tena, yakachomekwa chini ya chupa. Nimefundisha watoto wengi sana maishani mwangu, na ni mmoja tu aliyenisikiliza nilipomfundisha kukunja majani.

Utasema, mama huyu anaficha mtu. Mheshimiwa, arobaini wamefunika nyuso, na kwa umri wangu nawaita wote mwanangu. Wale wawili wa pikipiki walikuja mwaka juzi katikati ya maandamano. Walisimama kona ya Aling Bibing, wakatazama kila aliyepita, wakakuta vitambaa, wakanunua mkate, wakaondoka. Kitambaa ndicho pekee kilichosimama kati yao na yeye. Nanyi mnataka akivue mwenyewe, kwa mkono wake, mbele ya sanamu yangu, na mashine itakayomtaja muiite kwa jina la sanamu hiyo hiyo. Naogopa, Mheshimiwa. Nimetafuta neno la kiofisi zaidi, sikulipata.

Kwa hayo, naleta maombi yafuatayo.

(a) Majina yabadilishwe. Sitaki mpate shida ya kuita kamati, kwa hiyo nimewatafutia mengine kutoka Maandiko Matakatifu hayo hayo, ya watu waliowahi kuifanya kazi yenu. Mpango wenu mwingine, ambao sikuutaja, wa kuhesabu watoto na anwani zao, uitwe Herode. Yule aliwaambia wageni wa mashariki, mkimwona nipeni habari, nami nikamsujudie. Namba ya bure iitwe Yuda. Jina zuri, fupi, halijatumiwa na mtoto wa mtu hapa mjini tangu tulipobatizwa. Mtambo wa simu unaweza kuitwa Kijakazi wa Kuhani Mkuu, ambaye alimtambua Petro kwa lafudhi yake tu, bila umeme. Na mashine ya nyuso iitwe Pilato, maana nayo itasema haijamwona mtu mwenye kosa na bado mtu atapelekwa.

(b) Ikiwa majina hayawezi kubadilishwa kwa sababu vibandiko vimeshachapwa, basi itabidi mashine ziishi kama majina yao. Huwezi kuwa Klara ukala mayai ya watu bila kusali. Watumishi wa Kitubio wapewe semina na Padri Ildefonso kuhusu viwango vya malipizi. Mtambo wa Pentekoste ufunge kula maneno kila Ijumaa ya Kwaresima, kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa.

(c) Na hili ndilo kubwa. Kwa sheria na desturi ya kanisa letu, kuanzia Jumapili ya tano ya Kwaresima, yaani Jumapili hii inayokuja, kila sanamu ya mtakatifu hufunikwa kitambaa cha zambarau hadi mkesha wa Pasaka, isipokuwa zile zinazotembea kwenye maandamano. Kamera ya Mtakatifu Lusia ni ya mtakatifu. Imewekewa maua, imewashiwa mishumaa, na watu wamebarikiwa chini yake na mtu wenu. Veronika wenu naye kadhalika. Na hazitembei, zimefungwa kwenye nguzo. Kwa hiyo zinafunikwa. Hapa sioni nafasi ya ubishi; ninyi ndio mliozipa daraja hilo la utakatifu, sisi tunatii tu.

Wanawake wa parokia tumeshashona mifuko. Vipimo tulipewa na fundi yule yule wa masizi, ambaye siku hizi anakunywa kahawa kwangu. Kitambaa ni kizito, kimewekwa bitana, mwanga haupiti. Baada ya misa ya Jumapili tutapanda ngazi kwa nyimbo. Jumamosi Kuu, Aleluya ikishaimbwa, tutaivua yote na kuwarudishia macho yenu yakiwa safi, tena yamepanguswa vumbi.

Mwisho, naomba unifikishie salamu. Msalimie mama watoto na watoto. Msalimie Injinia Ravelo, mwambie koti lake alilolisahau ukumbini limefuliwa. Wasalimie wanakamati wote, hata aliyelala kwenye katekisimu. Wasalimie vijana wa Kitubio, bibi zetu wanawaombea. Na umsalimie sana yule wa katikati ya simu ambaye alikuwa hajala. Mwambie akipita San Gabino aulize kona ya mikate.

Nabaki mtumishi wako mtiifu, kwa kadiri dhamiri inavyoruhusu,

Eufrosina Maralit,
Mtunza Veronika.

Nyongeza. Bahasha nilikuwa nimeshaifunga. Nimeifungua kwa mvuke wa birika.

Wale wawili wa pikipiki, siku ile waliyokataa kahawa, walipokuwa wanaondoka waliomba picha ya Dencio iliyokuwa ukutani, ile ya siku aliyomaliza shule. Walisema wanaitazama tu, wataileta. Sikuwa na nyingine, za utotoni zilikwenda na mafuriko. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikifumba macho namwona uso wote. Mwaka huu pua inakuja, nyusi zinakuja, mdomo unakataa. Majuzi nilimuuliza Aling Bibing kama Dencio alikuwa na kishimo shavuni, akanitazama kwa huruma, akasema jicho lake halikumbuki. Mimi ni mama yake nami nilikuwa nauliza.

Injinia alisema Veronika hasahau uso. Basi kama mnao wa kwake, wa mbele au wa ubavuni, ule wa ukutani au wa juzi juzi, naomba nakala moja. Hata ndogo ya kushika kiganjani. Msiniambie alikuwa wapi. Nataka tu kuona kama amekonda.

Mkinitumia, maombi ya (a) nayafuta kwa mkono wangu. Mashine hiyo muiite Veronika. Itakuwa imelistahili jina.